Salama, ila

Mama Pili akinipigia mchana, anamalizia dakika za kifurushi kabla muda wake haujaisha. Akipiga baada ya saa tatu usiku, wateja wameondoka, masufuria yameoshwa, na lile lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi limepata pa kukaa.

"Habari za saa hizi, mwenzangu?"

"Nzuri, za kwako?"

"Salama tu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Pili na shule?"

"Anakwenda. Mvua imenyesha huko?"

"Imepita kidogo. Huko je?"

"Huku Mbagala barabara yote matope. Lakini salama." Kimya. Nasikia televisheni ya jirani yake, mtu anatangaza mpira. "Salama, ila..."

Hapo ndipo simu inapoanza.

Tumelelewa kujibu "nzuri" kabla hata ya kufikiri. Niliwahi kufika msibani Tandika, nikamsalimia mwenye msiba, "Habari za hapa?" Akanijibu, "Nzuri, tumefiwa." Hakuwa anatania, na mimi sikushangaa mpaka niliporudi nyumbani. Nzuri ni baraza. Kila mtu anakaribishwa barazani. "Ila" ndiyo pazia la mlangoni, na si kila aliyekaa barazani hufunuliwa pazia aone ndani kulivyo.

Wakati mwingine ila ya Mama Pili ni ndogo: mkaa umepanda, au Pili amegoma kula. Wakati mwingine anataka elfu thelathini mpaka Ijumaa. Na mara nyingi, nimekuja kugundua, mwenyewe bado hajajua kama ananipa habari au ananiomba. Ananiambia mkaa umepanda, kisha anasubiri asikie nitasemaje. Nikisema "pole, hata huku umepanda," basi ilikuwa habari. Nikisema "sasa kesho unapikia nini?" limeshakuwa ombi, na hakuna aliyeomba.

Kwa miaka mingi nilikuwa hodari wa kusikiliza ila za wenzangu. Ya kwangu niliimeza, mpaka ikanitokea puani.

Sisi ni watano. Tulikutana kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Morogoro, kila mmoja na tranka lake na kufuli lake. Hayo makufuli hayakumaliza mwezi. Mche mmoja wa sabuni tuliukata kwa uzi: unauzungushia uzi, unavuta ncha mbili kwa pamoja, na kipande kinadondoka kimenyooka kuliko cha kisu. Aliyekuwa na sabuni wiki hii hakuwa na sukari wiki inayofuata. Hatukusema tunasaidiana. Tulikuwa tunakaa bweni tu.

Aliyekuwa kiranja wa bwalo bado tunamwita Kiranja, ingawa sasa ana watoto wanne na anauza mchele Mbeya. Nesi ni nesi kweli, yuko Mwanza. Mama Pili anapika na kuuza chakula, banda lake liko Rangi Tatu. Wa tano yuko Maskati, anafanya kazi za ndani, na kwenye simu yangu ameandikwa hivyo hivyo: Wa Maskati. Mimi ni mhasibu msaidizi Dar es Salaam, kazi ya kuhesabu hela za watu wengine, na nadhani ndiyo ilinifundisha ubaya wa kuonekana hesabu zangu hazijakaa sawa. Au niseme ukweli, ni malezi. Mama yangu alitutuma dukani na hela kamili au hatukwenda. Jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye daftari la Mangi, na alilitaja jambo hilo kama mwingine anavyotaja kuhiji.

Sikiliza maneno yenyewe ya kuomba, yana ufundi wake. "Nimekwama" ni neno la gari kwenye matope: mtu haombi umbebe, anaomba usukume kidogo aendelee mwenyewe. "Nisitiri" lina macho ya watu ndani yake. Mwenye nyumba yuko mlangoni, au wakwe wako njiani na kabati halina kitu. "Nishike mkono" huwa kwa jambo kubwa, ada au mtaji. "Nipige tafu" na "nipige jeki" ni ya vijana, husemwa kwa kicheko ili ukikataa wote mcheke. "Mzinga", je? Neno hilo muombaji halitumii kamwe. Mzinga ni neno la aliyeombwa, na hulisema akishakata simu: "Yule bwana kanipiga mzinga."

Kampuni za simu zilikaa pembeni zikasikiliza haya yote. Ukikopa salio Vodacom, huduma inaitwa Nipige Tafu. Safaricom wa Kenya wana Okoa Jahazi. Hela ikipungua kwenye M-Pesa huku kwetu kuna Songesha, kule Kenya kuna Fuliza tangu 2019, na Tigo, kabla hawajageuka kuwa Yas, walikuwa na Nivushe. Nivushe! Neno ambalo mtu alimwambia mwenye mtumbwi. Hata kiingilio wamekiondoa: hakuna habari za watoto, hakuna mvua. Unabonyeza namba, unavushwa. Nilipenda sana hilo. Nitafika huko.

Kabla ya hela za simu kuomba kulikuwa safari. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, huku kwetu mwaka uliofuata, lakini sisi tulipokuwa shule mama alinitumia hela ya matumizi kwa kondakta wa basi, ndani ya bahasha aliyoibandika kwa ugali. Leo ni sekunde, na ndani ya sekunde hizo tumeshajitengenezea adabu mpya. Kuna rafiki anayekutumia elfu ishirini kavu, na kuna anayekutumia elfu ishirini na ya kutolea. Si watu sawa. Wa pili amekaa akafikiria umesimama mbele ya dirisha la wakala, unaambiwa ukate hela ya mkate ili uipate hela ya mkate. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, ya kutolea ikawa mzigo wenyewe, na ingawa baadaye zilipunguzwa, wengi tulishajifunza njia za kuzunguka. Badala ya kukutumia hela, mtu anakulipia Luku moja kwa moja. Anazo namba za mita yako, anakutumia tarakimu 20, unabonyeza ukutani, taa inawaka.

Na matapeli nao walisoma adabu zetu. Hakuna mwenye simu Tanzania ambaye hajapata ule ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ile hela ipi? Hawataji, na ujanja wote uko kwenye kutokutaja. Wanajua katika nchi hii kila mtu ana "ile hela" kwa mtu fulani. Ya mchango wa harusi, ya mkopo wa Ijumaa, ya kiwanja. Unasoma, moyo unashtuka kwa deni lililo halali kabisa, na kidole kinatuma kwa asiye halali. Sidhani ule utapeli ungefanya kazi mahali ambapo watu hawadaiani.

Siku moja wezi waliingia kwenye akaunti ya Wa Maskati, wakamwandikia Kiranja: "Mambo. Nina shida ya haraka, nitumie 200,000 kwenye namba hii, kesho nakurudishia." Kiranja hakujibu. Alinipigia mimi. "Huyu siyo," akasema. "Ameanza na hela. Hajauliza hata mchele umefika bei gani."

Wa Maskati anastahili aya yake, maana kwake jambo hili limegeuka kichwa chini. Riali moja ya Omani ni dola 2.6 za Marekani, kiwango kilichokaa palepale tangu 1986, na ndugu zake wanakijua kuliko bei ya sukari. Wanapiga hesabu ya mshahara wake kwa shilingi, wanasahau kwamba naye anakula, ana mwili unaochoka, na ana mkopo wa tiketi. Kila anayempigia ana habari, na kila habari ina bei. Paa linavuja: laki tatu. Mjomba anaumwa: laki moja. Mtoto wa binamu amefaulu: hongera, na ada. Akaacha kupokea simu za nyumbani. Wakasema amebadilika, Uarabuni kumempa kiburi. Usiku mmoja alituandikia sisi wanne: "Jamani, nani atanipa habari isiyo na bei?"

Mama Pili akatoka nje na simu, akampigia picha ya video barabara ya kwao yenye matope, bodaboda inateleza, watoto wanacheka, yeye mwenyewe nyuma ya kamera anasema "angalia, angalia, anaanguka huyo." Sekunde 40. Wa Maskati alituambia aliitazama mara sita jikoni kwa mwajiri wake.

Yeye akiomba, haombi hela. Anaomba macho. "Nenda Tandika ukanitazamie mama. Usimwambie nimekutuma. Tazama kama mlango wa uani bado unafunga." Mimi hukwenda, nikabeba ndizi, nikajifanya napita tu. Mama yake hajadanganyika hata siku moja. Huniacha nimalize chai, kisha hunipeleka mwenyewe mpaka uani, anausukuma mlango, anaufunga, anaufungua, anasema, "Haya, kamwambie."

Naona nimekawia kufika kwenye langu. Ndivyo nilivyo.

Lakini kwanza damu. Mwaka 2022, usiku wa Jumapili, ila ya Mama Pili ilikuwa nzito: mdogo wake amejifungua kwa upasuaji, damu imemtoka nyingi, ndugu wameambiwa walete watu watatu wa kuchangia. Shemeji mmoja alishakataliwa kwa presha. Mimi nilisema nakuja kabla hajamaliza sentensi. Asubuhi Nesi akanipigia kutoka Mwanza, amri tu: kula, kunywa maji, usiende na njaa.

Unapimwa uzito kwanza. Chini ya kilo 50 unarudishwa. Wanakuchoma kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye maji ya bluu ndani ya chupa ndogo. Likizama upesi, damu yako inatosha. Likielea, unakwenda nyumbani kula mchicha. Tone langu lilisimama katikati kama mtu aliyesahau alichofuata, mimi nimelikodolea macho, muuguzi naye, kisha likazama. Nilifurahi kuliko siku matokeo ya kidato cha sita yalipotoka. Wakanitoa mililita 450, haikuchukua hata robo saa, wakanipa soda na biskuti.

Nilikuwa nimeamini damu ile inavuka ukuta tu na kuingia kwa mdogo wake Mama Pili. Nesi alinicheka. Damu hupimwa kwanza, Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende. Haiwezi kutumika saa ileile. Aliyopewa mgonjwa wetu ilishatolewa kwenye akiba, imewekwa na mtu nisiyemjua aliyeombwa na mtu nisiyemjua, na yangu ilikwenda kujaza pengo lake. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha zaidi. Nilitembea mpaka kituoni nikijiona mrefu. Mwanamke anaruhusiwa kuchangia tena baada ya miezi minne, nami nikaanza kuhesabu miezi.

Shika hiyo furaha, utaihitaji baadaye kidogo. Mimi ndiye niliyeisahau.

Mwaka 2024 ofisini kwetu mishahara ilichelewa. Mwezi wa kwanza tukaambiwa ni benki. Mwezi wa pili hatukuambiwa kitu, bosi akawa anaingia kwa mlango wa nyuma. Kodi yangu ya miezi sita ilikuwa inaisha, na mwenye nyumba wa Tabata ana tabia ya kupita jioni "kusalimia". Mama Pili alipiga simu kama kawaida yake.

"Habari za saa hizi, mwenzangu?"

"Nzuri."

"Kazini je?"

"Salama."

Nikaishia hapo. Nakumbuka kabisa ile nafasi baada ya neno salama, alivyoiacha wazi kwa makusudi, nami nikaijaza kwa kumuuliza Pili anaendeleaje.

Nilipokata simu yake, nikapakua programu ya mikopo. Hakuna salamu, hakuna uso. Iliomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yangu. Nikabonyeza kukubali kama ninavyobonyeza kila kitu. Nikaomba 150,000. Zikaingia 108,000; zilizobaki, waliandika, ni gharama za huduma. Baada ya siku saba nilitakiwa kurudisha 162,000. Mimi ni mhasibu. Hesabu ile angeikataa mtoto wa darasa la nne, nami niliikubali kwa sababu haikuniuliza mshahara umekwendaje. Siku ya sita nikapakua programu ya pili ili niilipe ya kwanza. Mitaani mikopo hii inaitwa kausha damu, na jina hilo nililijua zamani. Nilidhani ni la watu wengine.

Wiki ya nne nikashindwa. Asubuhi ya Jumanne, saa mbili na dakika chache, simu yangu ikaanza kutetemeka mezani na haikuacha. Walikuwa wameandikia kila jina. Ujumbe ulinitaja jina kamili, ukasema nimekimbia deni, na kwamba aliyeupokea ni mdhamini wangu. Shemeji aliupata. Mwalimu wa mtoto aliupata. Katibu wa jumuiya yetu ya kanisani, fundi bomba, wakala wa nyumba niliyohama 2017. Muuza mkaa akapiga mwenyewe, kwa upole mkubwa: "Dada, naambiwa mimi ni mdhamini wako. Sasa mdhamini anafanya nini?"

Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Nilipoziona zote mbili za kwangu kwenye orodha sikupata faraja yoyote. Muuza mkaa alishajua.

Mama Pili hakupiga simu siku ile. Saa tisa mchana nikasikia hodi. Alikuwa ametoka Mbagala, amebadilisha gari Buguruni, amefunga banda siku ya kazi. Mkononi kikapu cha mihogo na samaki wawili wa kukaanga ndani ya gazeti.

"Habari za hapa?" akasema.

"Nzuri," nikasema. Wallahi, nilisema nzuri.

Akaweka kikapu chini. "Nimesoma kwenye simu kwamba umekimbia. Nimekuja kuangalia umekimbilia wapi."

Nilitaka kucheka, nikalia. Hakunibembeleza. Alikwenda jikoni, akatafuta kisu mwenyewe, akaanza kumenya mihogo, mgongo kwangu.

"Kumbe kukopa unajua," akasema. "Kwetu tu ndiyo hujui."

"Sikutaka kuwasumbua, mwenzangu. Kila mtu ana yake."

"Nilipokuomba damu nilikusumbua?"

"Hapana."

"Uliumia?"

"Hapana. Nilifurahi."

Akageuka, kisu mkononi, ganda refu la muhogo likining'inia. "Basi wewe mchoyo," akasema. "Raha ya kutoa unaila peke yako."

Katika maisha yangu nimeitwa mpole, mjivuni, mwenye maringo, hata mgumba kabla sijapata mtoto. Mchoyo, sijawahi. Nimekaa na neno hilo muda mrefu sasa na bado sijapata jibu lake. Tuna methali, muomba chumvi huombea chungu chake, nami siku zote niliisoma kama lawama: kila muombaji anajifikiria mwenyewe. Siku ile, nikimwangalia Mama Pili akitafuta chumvi kwenye makabati yangu bila kuniuliza, nilidhani labda maana yake ni ya kawaida zaidi. Ana chungu. Kiko motoni. Kinataka chumvi. Hakuna aibu hapo, kuna mapishi.

Tulikula. Akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaniambia niandike ninachodaiwa chote, na mimi mhasibu nikaandika deni langu kwa mara ya kwanza mahali pamoja: 340,000, bila kodi. Akapiga picha, akawatumia wale watatu. Sikumzuia.

Kiranja alituma 100,000 na ya kutolea, na maneno haya: "Hii si msaada. Ni deni. Elfu kumi kila tarehe tano, sitaki kukumbusha." Nesi alituma elfu sitini, na swali moja, kama nalala. Mama Pili hakuwa na hela, alisema wazi hana, lakini usiku alipofika kwake nilipata tarakimu 20. Namba za mita yangu alikuwa nazo tangu siku nyingi, aliziandika ukutani kwenye banda lake pamoja na za mama mkwe. Nilizibonyeza moja moja nikiwa nimesimama gizani na tochi ya simu.

Wa Maskati alituma laki moja na sauti ya dakika nne. Dakika ya kwanza ni kicheko. Alikuwa na swali moja tu kuhusu muuza mkaa, anataka kujua nilimjibu nini. Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia maji yanamiminika kwenye sinki, akasema, "Sasa na mimi nina langu. Mgongo una miezi mitano. Sikusema, maana huku nikisema nimeumia watanirudisha, na huko nikisema watasema nadengua." Miezi mitano. Nesi alikuwa naye kwenye simu kabla ya saa moja kupita, akimuuliza panauma wapi, anainua nini, analala vipi.

Sitaki mtu afikiri kila kitu kilikwenda vizuri. Katibu wa jumuiya hanitazami usoni hadi leo. Mwezi wa nne nilichelewa kumlipa Kiranja, akapiga simu bila salamu hata moja: "Mwenzangu, tarehe tano." Tukanuniana wiki mbili. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na walijua wanachosema. Wapo wanaoamini rafiki hakopeshwi, ukitaka kumpoteza mpe hela. Mimi sikubaliani nao, lakini nakubali kwamba Kiranja alifanya jambo la maana kusema kiasi na tarehe mwanzoni, wakati bado tunapendana.

Na wapo ambao hata mimi sipokei simu zao. Nina mwenzangu wa zamani kazini, namba yake ikitokea najua ni mzinga; hajawahi kukosea. Nimemfikiria sana huyu bwana tangu yanikute yangu. Nilikuwa nasema tatizo lake ni kuomba mno. Mama Pili ameniomba mara nyingi kuliko yeye, na sijawahi kumkwepa. Ila Mama Pili najua Pili amegoma kula, najua mwenye banda la jirani amehamia Chanika, najua mkaa. Huyu bwana sijui hata kama ana watoto. Sasa nimeanza kupokea simu yake na kumuuliza mimi kwanza. Ana watoto wawili. Mdogo anaumwa pumu. Laki moja sikumpa.

Juzi Nesi ameandika kwamba binti yake anakuja Dar kwenye mafunzo ya vitendo, wiki tatu, na angeshukuru kama atafikia kwangu. Basi kutoka Mwanza litaingia Mbezi usiku wa manane, na mtoto ana miaka 19, hajawahi kufika huku. Kutoka Tabata mpaka kituo cha Magufuli saa hizo, peke yangu, siwezi. Mdogo wake Mama Pili, yuleyule wa damu, mume wake ana bajaji.

Nikapiga simu saa tatu na nusu usiku.

"Mwenzangu, habari za saa hizi? Salama, ila nina jambo, yule shemeji mwenye bajaji..."

"Wee, subiri," akasema Mama Pili. "Hata mvua hujaniuliza."

"Mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha," akasema, na nikamsikia akivuta kigoda akae. "Barabara yote matope."